Henry Shefflin na mpira asiokuwa nao

Jumapili, tarehe 6 Septemba 2009, Croke Park, Dublin. Fainali ya Ayalandi nzima ya hurling, mchezo wa magongo wa Waayalandi, imeingia dakika ya 63 kati ya 70. Timu ya kaunti ya Kilkenny, mabingwa mara tatu mfululizo, wako nyuma ya kaunti ya Tipperary kwa pointi 2, na mwamuzi ametoa penalti ambayo watu wa Tipperary wanaibishia mpaka leo. Mlangoni wamejipanga watu watatu, kipa Brendan Cummins na walinzi wawili, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliruhusu hivyo. Henry Shefflin, mshambuliaji wa Kilkenny, anauinua mpira kwa ncha ya gongo, anaukung'uta, unatua nyavuni. Watu hawajamaliza kukumbatiana, mwenzake Martin Comerford anafunga jingine. Kilkenny wanatwaa ubingwa wa nne mfululizo.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 9 Septemba 2012, uwanja uleule, fainali nyingine, dhidi ya Galway. Timu ziko sare, mchezo unakaribia kwisha, na Kilkenny wanapata penalti. Mpigaji ni yuleyule. Safari hii Shefflin hatafuti nyavu. Anaupitisha mpira polepole juu ya mtambaa wa panya, anachukua pointi 1, Kilkenny wanaongoza. Katika dakika za nyongeza Joe Canning wa Galway anasawazisha kwa mpira wa adhabu. Fainali inaisha sare kwa mara ya kwanza tangu 1959, na kwa wiki tatu Ayalandi nzima inabishana: kwa nini mfungaji mkubwa kuliko wote aliogopa?

Mimi nasema hakuogopa. Penalti zile mbili zilipigwa na akili moja, na mtu akiielewa akili hiyo ameielewa kazi yote ya Shefflin uwanjani, kuanzia 1999 hadi 2015. Medali zake kumi za ubingwa wa Ayalandi na pointi zake 565 zimeandikwa sana, na zinastahili. Lakini zinamwonyesha mtu aliyebahatika kuzaliwa katika timu kubwa na kupewa mipira ya adhabu aipige. Mshambuliaji mwenyewe tunampata tukiangalia anachofanya wakati mpira hana.

Kwanza niueleze mchezo, maana wengi wetu tunaujua kwa jina tu. Ni hurling, nami nitauita halingi, kwa matamshi yetu. Usiuchanganye na mpira wa magongo wa Olimpiki, ambao mpira wake unatambaa chini. Wachezaji 15 kwa 15 wanacheza kwenye uwanja wenye urefu wa mita 130 hadi 145, mkubwa kuliko wa soka. Kila mmoja ana gongo, kwa desturi la mti uitwao ash, lenye ubapa mwishoni, linaloitwa camán. Mpira, sliotar, ni mdogo wa ngozi, unaingia kiganjani. Unaruhusiwa kuudaka angani kwa mkono, kukimbia nao ukiwa umeusawazisha juu ya ubapa wa gongo, au kuupiga hewani bila kuusubiri utue. Milingoti imesimama kama herufi H. Mpira ukipita juu ya mtambaa wa panya ni pointi 1, ukiingia chini ni goli, na goli ni pointi 3. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili: 2-22 ni magoli 2 na pointi 22, jumla 28.

Rudi sasa kwenye penalti. Mwaka 2009 timu iko nyuma kwa pointi 2, na pointi moja isingewatoa nyuma. Goli lingewapa uongozi, kwa hiyo lazima apige kwa nguvu zote. Mwaka 2012 timu ziko sawa, na pointi moja ya uhakika inatosha kuongoza dakika zikiwa chache. Goli lingemaliza mchezo, kweli, lakini mbele yake kuna watu watatu wenye magongo, na mpira ukipanguliwa unarudi uwanjani mikononi mwa timu ambayo ndiyo kwanza imeponea chupuchupu. Huo ndio uliokuwa ugumu wa penalti ya halingi hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2015, mpigaji akabaki na kipa peke yake. Shefflin alihesabu. Mbona hatusemi mtu aliyehesabu sawasawa mara mbili ni shujaa mara zote mbili? Kwa sababu mara ya pili Canning alijibu. Kosa hilo haliwezi kuwa la aliyeongoza.

Shefflin alizaliwa tarehe 11 Januari 1979 huko Ballyhale, kijiji cha kusini mwa kaunti ya Kilkenny. Wiki saba baadaye, tarehe 2 Machi, alifariki Christy Ring wa Cork, mtu ambaye kwa Waayalandi wengi jina lake ndilo halingi yenyewe. Ring alikuwa na medali nane za ubingwa wa Ayalandi. John Doyle wa Tipperary naye alifikisha nane mwaka 1965. Watu walikuwa wamekwisha kuamini kwamba nane ndiyo dari.

Baba yake alikuwa na baa kijijini, na nyuma yake kulikuwa na ukumbi wa skwoshi. Humo mtoto alishinda akipiga mpira ukutani. Anayeijua halingi ataona mara moja faida yake: ukuta unaurudisha mpira haraka kuliko rafiki yeyote, na kila mara unaurudisha kwa pembe nyingine. Mikono inazoea kufanya kazi kabla ya macho kumaliza kutazama. Shuleni alipita St Kieran's College mjini Kilkenny, shule ambayo kaunti hiyo inaitegemea kama shamba la miche, kisha akaenda chuo cha ufundi cha Waterford.

Hapa kuna jambo ambalo sisi tuliozoea dirisha la usajili hatuna budi kulishika vizuri. Halingi ni mchezo wa ridhaa. Croke Park inachukua watu zaidi ya 82,000 na fainali inajaza, lakini anayecheza halipwi mshahara, na asubuhi anarudi kazini. Shefflin alikuwa mfanyakazi wa benki. Huwezi kununuliwa. Unachezea klabu ya parokia yako, na ukiwa bora unaitwa na kaunti yako. Kilkenny ina watu laki moja hivi. Kocha hawezi kwenda sokoni kutafuta winga. Anaangalia parokia zake na kupika kwa unga uliomo kapuni. Ndiyo maana sifa ya mchezaji wa halingi huwa pia ya wale waliomlea, na aibu yake vilevile. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mchezo huu katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na nadhani utaratibu huu wa parokia ulistahili heshima hiyo sawa na ufundi wa gongo.

Aliingia timu ya wakubwa ya Kilkenny mwaka 1999, msimu wa kwanza wa kocha Brian Cody. Fainali yake ya kwanza ilichezwa mvuani na wakapoteza kwa Cork kwa pointi moja, 0-13 kwa 0-12. Mwaka uliofuata waliichakaza Offaly na akapata medali ya kwanza. Nyota wa safu ile alikuwa DJ Carey, mwenye kasi na ufundi wa kuwafanya watu waache viti vyao. Shefflin hakuwa hivyo. Hakuwa na mbio za kutisha, na hata chenga zake zilikuwa za kawaida. Ukiutazama mkanda wa mechi zake za mwanzo unaona kijana mrefu mwenye nywele nyekundu chini ya kofia ngumu, mikono ya dhahabu, anayesubiri mpira uletwe.

Kisha ukaja Agosti 2001, nusu fainali dhidi ya Galway. Kwangu mimi huu ndio mchezo muhimu kuliko yote katika kazi yake, ingawa hakung'ara, au kwa sababu hiyohiyo. Galway waliwashinda Kilkenny 2-15 kwa 1-13. Eugene Cloonan alifunga 2-9 peke yake, lakini pointi hazikuwa hadithi. Hadithi ni kwamba Kilkenny, mabingwa watetezi wenye mikono laini kuliko wote, walisukumwa, wakabanwa, wakanyang'anywa kila mpira uliogombaniwa. Walionewa uwanjani, na hawakuwa na jibu. Cody hakuusahau mchezo ule. Kuanzia hapo timu yake ilijengwa juu ya sharti moja: mshambuliaji asiyeweza kujitafutia mpira, na asiyeweza kumnyima beki nafasi ya kuupiga, hana jezi. Hata awe na jina gani.

Nieleze sharti hilo kwa vitendo, maana hapo ndipo utamu ulipo. Beki wa halingi akipata mpira anataka kitu kimoja, nafasi ya kuzungusha gongo. Akiipata hatua mbili tu, mpira umekwenda mita 80 na shambulio lote la wapinzani limefutika. Mshambuliaji wa kizamani, akishapoteza mpira, alisimama akashika kiuno. Mshambuliaji wa Cody anageuka palepale. Anamkimbiza beki kutoka nyuma, na pale beki anapoinua gongo, yeye anapenyeza lake kwenye njia ya gongo lile na kulinasa. Au anajitupa mbele kwa mikono na gongo, mpira unagonga mbao na kurudi. Kazi hii inaumiza vidole na mbavu. Ukimnasa beki, mpira unaanguka mita 30 kutoka mlangoni kwake, wenzako wako karibu, nao mabeki wake wamekwisha kufunguka kwa kutegemea kuwa hatari imepita. Pointi inayotokana na hapo itaandikwa kwa jina la mwingine.

Kuna na kazi ya angani. Kipa wa wapinzani au wa kwenu anapoanzisha, mpira unapaa zaidi ya nusu ya uwanja na kuwashukia watu wanne watano waliosimama bega kwa bega. Mkono wa kudaka unapanda katikati ya magongo yanayoshuka. Shefflin alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tano, aghalabu akiwa safu ya katikati ya ushambuliaji, ambako wafungaji wengi wenye jina wangeomba wasipangwe. Alijifunza kusimama mahali ambapo mpira utaangukia badala ya mahali unapoonekana kwenda. Asipoudaka, alihakikisha mpinzani wake naye haudaki.

Orodha ya tuzo inalionyesha badiliko hili bila kukusudia. Kila mwaka Ayalandi huchagua kikosi cha nyota 15 wa msimu, All Star. Shefflin aliingia mara 11, na hakuna aliyekuwa amefika huko kabla yake: 2000, kisha kila mwaka kuanzia 2002 hadi 2009, kisha 2011 na 2012. Tazama mapengo. Ukitoa mwaka wake wa kwanza, 1999, na miaka miwili ya mwisho alipokuwa anazeeka, anakosekana 2001 na 2010. Mwaka 2001 ni wa Galway. Mwaka 2010 ni wa goti. Kila baada ya pengo alirudi akiwa mchezaji wa aina nyingine.

Mwaka 2002 alirudi akiwa mchezaji bora wa Ayalandi. Katika fainali dhidi ya Clare alifunga 1-7 na Carey 1-6. Mwaka 2003 wakachukua tena. Cork wakawazima 2004, na Kilkenny wakalipiza 2006 kwa kuwazuia Cork hao wasitwae ubingwa wa tatu mfululizo. Shefflin akawa mchezaji bora kwa mara ya pili. Kisha 2007, 2008, 2009. Fainali ya 2008 waliifunga Waterford 3-30 kwa 1-13, mchezo ambao wengi hudai ndio ukamilifu wa halingi. Mimi siupendi sana. Timu isiyopingwa haikuonyeshi imetengenezwa na nini.

Fainali ya 2007 inanigusa zaidi. Ballyhale Shamrocks, klabu ya kijijini kwake, walikuwa mabingwa wa kaunti, na kwa desturi ya Kilkenny klabu bingwa ndiyo inayomtoa nahodha, kwa hiyo Shefflin alikuwa nahodha. Alifunga goli mapema dhidi ya Limerick. Kabla ya mapumziko ligamenti ya goti lake ilikatika, na kipindi cha pili hakurudi. Kilkenny walishinda. Kiangazi kile kipa James McGarry alikuwa amefiwa na mkewe katika ajali ya gari. Ulipofika wakati wa kupokea Kombe la Liam MacCarthy, nahodha mwenye goti bovu alimwita mwana wa McGarry wakaliinua pamoja. Sina uchambuzi wa hapo.

Ligamenti ya goti jingine nayo ikakatika tarehe 8 Agosti 2010, katika nusu fainali dhidi ya Cork. Fainali ilikuwa wiki nne mbele, na ilikuwa ya kutafuta ubingwa wa tano mfululizo, ambao katika halingi hakuna aliyeupata. Jeraha la namna hiyo linataka upasuaji na miezi mingi. Yeye na madaktari wa timu waliamua kuimarisha misuli kuzunguka goti na kujaribu. Siku ya mazoezi ya wazi, maelfu ya watu walijaa uwanja wa Nowlan Park mjini Kilkenny kumtazama tu kama anakimbia. Fikiria mzigo huo juu ya mguu mmoja wa mtu aliyetoka kazini benki.

Alianza fainali, na robo saa haikufika akatolewa. Tipperary walishinda 4-17 kwa 1-18, Lar Corbett akifunga magoli matatu.

Nasema bila kuzunguka: lilikuwa kosa, na ni kosa la pekee kubwa ninaloliona katika hesabu zake. Mtu ambaye siku zote aliuliza mchezo unahitaji nini, siku ile aliruhusu hamu yake na hamu ya kaunti nzima ijibu swali hilo kwa niaba yake. Kilkenny walitumia nafasi ya mabadiliko mapema, na mpango wa ushambuliaji ambao ulijengwa kumzunguka ukavunjika mechi ikiwa bado mbichi. Sidai kwamba angebaki nje wangeshinda; Tipperary walikuwa bora kwa pointi 8. Ila akili iliyopiga penalti ya 2009 ingemweka benchi. Na bado, nikiitazama picha yake akitoka uwanjani, hasira zinanitoka. Nani katika umri wa miaka 31, na ubingwa wa tano ukiwa mlangoni, angekaa kitini?

Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba Shefflin ni zao la timu. Nyuma yake walisimama mabeki kama JJ Delaney, Noel Hickey, Jackie Tyrrell na Tommy Walsh, ambaye peke yake alichukua All Star tisa mfululizo. Mpira ulikuwa haukai kwa wapinzani. Mpe Joe Canning timu ile, wanasema, uone. Canning alikuwa na kipaji cha kupita kiasi na aliondoka na ubingwa mmoja tu, wa 2017. Mwaka 2021 aliipita jumla ya Shefflin ya 27-484. Kisha wakaja TJ Reid wa Kilkenny na Patrick Horgan nao wakaipita. Horgan wa Cork ana pointi nyingi kuliko Shefflin na hana medali hata moja ya ubingwa wa Ayalandi.

Nakubali kila namba hapo, na ndiyo sababu sijengi nyumba yangu juu ya namba. Kama pointi zingekuwa kipimo, Shefflin amekwisha kupitwa. Kama medali zingekuwa kipimo, Horgan si kitu, na huo ni uongo ambao mtu yeyote aliyemwona hawezi kuutamka. Wanaotoa hoja ya timu wanasahau jambo moja. Wale mabeki walipata mpira mwepesi kwa sababu mpigaji wa upande wa pili alikuwa amekabwa mkono. Wapinzani walipiga mipira ya haraka na ya kubahatisha kwa kuwa Shefflin na wenzake wa mbele walikuwa wamewanyima zile hatua mbili. Timu ilimtengeneza yeye, sawa, naye aliitengeneza timu kwa sehemu ambayo karatasi ya matokeo haina safu ya kuiandika.

Ukitaka ushahidi, rudi kwenye ile sare ya 2012, lakini acha penalti. Tazama kipindi cha pili. Galway, ambao mwezi Julai walikuwa wameinyuka Kilkenny katika fainali ya jimbo la Leinster, wanaongoza kwa pointi 5 hadi mapumziko. Canning amefunga goli la mapema. Kilkenny wanaonekana wazee. Shefflin ana miaka 33, magoti yote mawili yamefanyiwa upasuaji, na bega pia. Anahamia katikati kabisa ya ushambuliaji, ana kwa ana na beki wa kati wa Galway, na kuanzia hapo mchezo unakuwa wake. Anaita mpira uje juu yake. Anaudaka, au anaupangusa uanguke chini mahali anapotaka. Anafanyiwa faulo, anasimama, anapiga mwenyewe mpira wa adhabu. Kilkenny walimaliza na 0-19, bila goli hata moja, na katika pointi hizo 19 yeye alifunga 12.

Asiyeutazama mchezo atasema ni mipira ya adhabu tu. Haya, nani aliichuma? Nyingine zilitokana na yeye kuingiza mwili mahali ambapo hakuna mwenzake aliyethubutu siku ile. Kasi hakuwa nayo tena. Alibakiwa na kujua mpira utaangukia wapi, na uthubutu wa kwenda huko akiwa na mwili uliovunjika mara tatu. Mchezo wa marudiano, tarehe 30 Septemba, Kilkenny walishinda 3-22 kwa 3-11. Ilikuwa medali ya tisa, na hapo Ring na Doyle wakaachwa nyuma. Akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka kwa mara ya tatu, wa kwanza kufanya hivyo.

Yaliyofuata yalikuwa ya mtu anayeondoka taratibu. Mwaka 2013 mguu ulimsumbua karibu msimu wote, na robo fainali dhidi ya Cork mjini Thurles alitolewa kwa kadi nyekundu, jambo ambalo halijawahi kumpata akiwa na jezi ya kaunti. Alipotoka uwanjani mashabiki wa pande zote mbili walimpigia makofi. Wengi tulidhani ndiyo mwisho.

Alirudi 2014 na kukaa benchi. Jambo hili linapitwa haraka mno katika simulizi zake. Mfungaji mkubwa kuliko wote wakati huo, mwenye jina ambalo watu walikuwa wamelitangulizia neno Mfalme, alikubali kuwa mchezaji wa dakika za mwisho. Mipira ya adhabu alikuwa anaipiga TJ Reid, kijana wa Ballyhale vilevile, aliyekua akimtazama yeye. Fainali na Tipperary iliisha sare, 3-22 kwa 1-28. Katika marudiano, tarehe 27 Septemba, jina la Shefflin halikuwamo miongoni mwa 15 walioanza. Aliingizwa mchezo ukielekea ukingoni. Kilkenny wakashinda 2-17 kwa 2-14, na medali ya kumi ikapatikana kwa namna hiyo, kwa jasho la dakika chache, kukimbiza mabeki na kuziba njia.

Cody alikosolewa kwa kumweka nje. Sioni alikosea. Alimpima mzee kwa kipimo kilekile alichokiweka baada ya Galway 2001, naye mzee aliyekielewa kipimo hicho kuliko wote hakulalamika hadharani hata siku moja.

Tarehe 17 Machi 2015, siku ya Mtakatifu Patrick, Ballyhale Shamrocks walicheza fainali ya klabu za Ayalandi dhidi ya Kilmallock wa Limerick, Croke Park. Shefflin alikuwa na miaka 36. Alishinda ubingwa wake wa tatu wa klabu, baada ya ule wa 2007 na wa 2010, akiwa na jirani zake, watu wa parokia moja. Siku nane baadaye aliwaita waandishi mjini Kilkenny na kusema kwamba hatavaa tena jezi ya kaunti. Mechi 71 za ubingwa, karibu pointi 8 kwa kila mechi. Msimu huohuo Kilkenny walibeba kombe tena bila yeye, na mchezaji bora wa mwaka alikuwa TJ Reid.